Hofu ya Chatu

Chatu aliletwa nyumbani kwa Ndalahwa siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa alikuwa ameshatembelewa na watu arobaini na watatu. Si Ndalahwa aliyewahesabu. Kipimo cha ukutani alicholetwa nacho ndicho kilichohesabu: kila mtu alipoingia chumbani, mapigo ya moyo wa nyoka yalipanda, mstari mwekundu ukaruka juu, ukaanza kushuka, na kabla haujatulia akabisha hodi mwingine.

Siyo kwamba hawakuambiwa. Afisa wa Kituo cha chatu wa tiba aliyemleta, Edina Rwegoshora, binti mrefu mwenye miwani na maneno ya kupima, alikaa sebuleni zaidi ya saa nzima akiwaeleza. Nyoka aliyehamishwa, alisema, hujiona yumo mdomoni mwa adui. Asishikwe kwa wiki mbili, asisemeshwe, asitazamwe ovyo. Lile kasha la mbao alilozoea kujifichia lisitolewe kwenye tangi lake la kioo. Mapazia yashushwe, chumba kiwe kimya. Akisharidhika kuwa hakuna anayemtaka, ndipo atakula. Na asipokula, kazi yote ni bure.

Kashinje, dada mkubwa wa Ndalahwa, alimsikiliza kwa adabu, akaitikia "ndiyo mama" kila binti alipovuta pumzi. Gari la Kituo lilipopinda kona, akasema yule kasoma sana lakini hakufundwa. Mgeni gani huachwa gizani wiki mbili, bila salamu, bila hata mtu wa kumuuliza kaamkaje? Huyo si mgeni, ni mahabusu.

Tusimwonee Kashinje. Alikuwa mama wa makamo aliyepika kwenye harusi na misiba ya nusu ya mji wa Magu, na alikuwa ameifunga nyumba yake ili aje amuuguze wifi yake bila kuombwa na mtu. Katika ukoo wao, chatu akiingia nyumbani hafukuzwi. Hunyunyiziwa unga na kuambiwa karibu, maana hujui katumwa na nani. Akafanya alivyolelewa. Alilitoa lile kasha akaliweka stoo, kwa sababu mgeni hafichwi. Akafungua mapazia. Akampa nyoka jina, akamwita Mgeni, kisha akapeleka habari mtaani. Kinamama wakaja wamejifunga khanga zao nzuri, wakagonga kioo kwa kucha, wakasema "Mwangaluka," wakangoja kidogo kana kwamba wataitikiwa. Na kila aliyetoka alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Walikuwa na haki ya kulisema neno hilo kuliko watu wengine wowote waliowahi kulisema, kwa kuwa mwenyeji alikuwa mgonjwa kweli na mgeni alikuja kumponya kweli. Limi, mkewe Ndalahwa, alikuwa na moyo uliolegea. Ulikuwa umepanuka kama mfuko uliobebeshwa mzigo usio wake, na daktari alikuwa amewaambia bila kuzunguka kwamba utadunda miezi sita hivi, labda saba.

Na Ndalahwa mwenyewe alikuwa wapi wakati nyumba yake ikigeuka uwanja wa sherehe? Alikuwa pale pale mlangoni, akipokea mikono ya watu, kifua mbele. Kwa miaka mingi watu hawakuwa wakija kwake. Wanaume waliofanya kazi kwenye migodi ya kina waliitwa "mawe," na hakuna anayekwenda kupiga soga na jiwe. Sasa watu walikuja, walicheka sebuleni mwake, walimwita shemeji. Alifurahi, na furaha ilimziba macho.

*

Siku ya tisa, Ndalahwa alikwenda kumpa Mgeni sungura kwa mara ya tatu. Sungura alikuwa ameshachinjwa na kupashwa joto kwenye maji, kama walivyoelekezwa. Alimshika kwa koleo refu, akamshusha taratibu juu ya maranda. Nyoka hakumtazama sungura. Alijikunja pembeni kabisa, akaficha kichwa chini ya mwili wake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kukificha.

Ndalahwa alisimama hapo na koleo mkononi. Chumba kile kilikuwa cha binti yao, Milembe, alipokuwa hai, na rangi ya njano aliyoipaka kwa ajili yake ilikuwa bado ukutani. Aligeuka akakitazama kipimo, na kwa mara ya kwanza akakisoma kweli, akarudisha mistari nyuma hadi Jumanne ile. Mapigo thelathini na nne kwa dakika. Thelathini na nane. Arobaini na moja, siku walipokuja wanakwaya. Chatu aliyetulia moyo wake hupiga chini ya kumi na nane. Huyu hakuwahi kushuka chini ya thelathini na mbili, hata alfajiri. Kwa siku tisa mfululizo kiumbe yule alikuwa akitetemeka ndani kwa ndani, na wao wakampigia makofi.

Alikwenda stoo, akalitoa kasha chini ya magunia ya mahindi, akalifuta vumbi kwa shati lake. Alipolirudisha, nyoka aliingia ndani kwa haraka ambayo Ndalahwa hakuijua kuwa nyoka wanayo. Kisha akashusha mapazia, akatoka sebuleni, akawaambia wageni saba waliokuwa wakinywa chai kwamba watamsamehe, lakini mgonjwa na nyoka wanahitaji kimya.

Hilo lilileta maneno. Kashinje alimvutia jikoni akamuuliza tangu lini mtoto wa Mzee Malunde anawatoa watu nje na vikombe mkononi. Ndalahwa akamwonyesha mistari. Dada yake hakuwa mjinga. Alitazama kwa muda mrefu, akafuata kwa kidole siku ya wanakwaya, ambao ni yeye aliyewaalika. Jioni, Limi alimwona amekaa kwenye ngazi ya nyuma akichambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Siku tisa si nyingi, isipokuwa kama ulikuwa na ishirini na moja tu. Chatu wa Kituo si chatu wa porini. Chatu yeyote akimeza windo lake, moyo wake hukua kwa siku mbili tatu hadi uzidi ulivyokuwa kwa karibu nusu, kisha hurudi ukubwa wake wa kawaida bila kovu. Na damu yake siku hizo hubeba mafuta maalumu yanayouamuru msuli wa moyo ujijenge. Watu wa Kituo walikuwa wamepata njia ya kumfundisha chatu moyo wa mtu. Edina alimchoma Limi kidole, akachukua tone la damu, akaliingiza chini ya magamba ya nyoka mbele yao. Kuanzia hapo mwili wa nyoka ulikuwa na somo: akila, damu yake ingetengeneza dawa ya Limi na si ya mtu mwingine. Dawa hiyo haikai zaidi ya saa moja nje ya mwili, ndiyo maana nyoka huishi nyumba moja na mgonjwa. Na somo lenyewe halikai zaidi ya siku ishirini na moja ikiwa halikuamshwa na mlo wa kwanza. Likipotea halifundishwi tena. Nyoka huchukuliwa, na mgonjwa hurudi mwisho wa foleni. Foleni ilikuwa ya miezi kumi na minne.

*

Baada ya kasha kurudi, mambo yalianza kutengenea, ila kwa mwendo wa nyoka. Siku ya kumi na moja mapigo yalikuwa thelathini. Siku ya kumi na tatu, ishirini na saba. Watu wa nyumba ile walijifunza kutembea kwa vidole. Kashinje aliacha kutwanga, akawa anapika wali na uji tu, vyakula visivyo na kishindo. Wageni walipofika alitoka yeye mwenyewe kuwazuia getini, na kwa mama yule kumzuia mgeni getini ilikuwa kama kuvua nguo sokoni. Siku ya kumi na sita, ishirini na nne. Siku ya kumi na tisa, ishirini na moja. Nyoka alianza kuchungulia nje ya kasha, akiulamba upepo kwa ulimi, kisha akarudi ndani.

Siku hiyo ya kumi na tisa, saa tisa alasiri, kipimo kilisema. Kilikuwa na sauti ya kike, ya Kiswahili kilichopigwa pasi, nayo haikusikika mara kwa mara. Ilisema kwamba zimebaki siku mbili. Ilisema kwamba kitulizo cha chatu huyu bado hakijawashwa. Ilisema kwamba familia tisa kati ya kumi hukiwasha siku ya kwanza, na kwamba rimoti yake imo kwenye bahasha ya kijani iliyokabidhiwa kwa mkuu wa kaya.

Limi alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango wazi. Alimwita mumewe. Alimuuliza kwa upole bahasha ya kijani iko wapi, na Ndalahwa, ambaye hakuwahi kuwa fundi wa uongo, akasema iko kwenye sanduku lake la vifaa, chini ya spana. Tangu siku ya kwanza? Tangu siku ya kwanza. Limi akamwambia ailete.

Ilikuwa rimoti ndogo yenye kitufe kimoja. Nyuma ya kichwa cha kila chatu wa Kituo kuna uzi mwembamba usioonekana. Kitufe kikibonyezwa, uzi huo huizima sehemu ya ubongo inayotengeneza hofu, na nyoka hutulia pale pale, popote alipo, kwa mtu yeyote, na kula chochote anachopewa. Katika ubongo mdogo kama ule, sehemu ile ikishazimwa hufa. Haiwashwi tena.

Limi aliigeuza geuza rimoti mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa maji, na pete ya ndoa ilikuwa imehamia kwenye uzi shingoni. Akasema angependa kulala kidogo, na kesho asubuhi wazungumze. Rimoti aliiweka chini ya mto wake.

*

Asubuhi ya siku ya ishirini alitaka kukaa ubarazani. Ndalahwa alimbeba, na wepesi wake ulimtisha. Kashinje aliwaletea uji akarudi ndani kwa makusudi. Mbele yao jua lilikuwa linakausha dengu za jirani zilizoanikwa juu ya turubai.

"Niambie ilikuwaje," Limi alisema. "Sijawahi kukuuliza."

Alijua anaulizwa nini. Yeye naye aliwahi kuwa na uzi, nyuma ya sikio la kushoto, na kovu lake lilikuwa bado hapo. Mgodi ulikuwa kilomita tatu chini ya ardhi, na kampuni iliyoumiliki iligundua mapema kwamba hofu ndiyo inayopunguza kasi ya kazi. Akaajiriwa akiwa kijana, akawekewa uzi, na mtu ambaye hakumwona aliubonyeza kutoka chumba fulani juu. Kwa miaka tisa hakuogopa kitu. Mgodi ulipofungwa waliwatolea nyuzi zile, na kwa kuwa ubongo wa mtu ni mkubwa, hofu ilirudi kidogo kidogo, ikachukua miaka miwili kukamilika. Hayo Limi aliyajua. Aliyokuwa hayajui, Ndalahwa alianza kumweleza sasa, akiziangalia dengu.

Alimweleza habari za Bugumba, rafiki yake. Siku ile walikuwa wamesimama, hatua mbili tu kati yao, paa la mwamba likaanza kulia. Mtu yeyote angekimbia. Hata panya walikimbia. Wao wawili walitazamana, wakaendelea kuchimba, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikiwaambia vinginevyo, na mwamba ukaanguka upande wa Bugumba. Ndalahwa alimaliza zamu yake.

"Watu hudhani unakuwa jasiri," alisema. "Huwi jasiri. Unakuwa hupo. Unakaa popote ulipowekwa."

Limi akangoja, maana alijua bado hajamaliza.

"Niliporudi kumzika Milembe," alisema mwishowe, "nilikula ugali na sato. Nikaomba nyongeza. Halafu nikalala mpaka asubuhi."

"Nakumbuka. Nilikuwa nimekaa mkekani nakutazama."

"Nilijua kwamba nampenda. Nilijua kama mtu anavyolijua jina la mtaa wake. Lakini ndani hapakuwa na kitu. Nimekuja kumlilia miaka mitatu baadaye, nikiwa juu ya ngazi natengeneza pampu ya watu."

Limi alivuta khanga mabegani. Alikuwa akilia, ila bila kwikwi, kwa kuwa kifua chake hakikuwa na nafasi ya kwikwi. Alisema kwamba miaka yote ile alidhani hakupendwa. Alisema alikuwa amekwishamsamehe hilo zamani, na sasa anaambiwa alisamehe kitu ambacho hakikuwapo. Ndalahwa alimshika mkono. Walikaa hivyo hadi uji ukaganda.

"Ndiyo maana nilificha rimoti," alisema Ndalahwa. "Siwezi kumfanyia mwingine hivyo. Hata nyoka. Mapigo yanashuka, Limi. Siku tatu nne zaidi atakula mwenyewe."

"Siku tatu nne hatuna."

Ndalahwa alirudisha macho kwenye dengu.

"Nikuulize," Limi alisema. "Miaka tisa ile, humu ndani nani alikuwa anaogopa? Mtoto akikohoa, naogopa mimi. Simu ikilia kutoka mgodini, naogopa mimi. Niliogopa kwa ajili yetu sote wawili, na hakuna aliyekuja kunitoa hofu yangu hata siku moja. Sasa nikifumba macho naogopa kwamba sitayafumbua. Unamwonea huruma nyoka kwa sababu mmefanana. Sikukatazi. Ila ulipoificha hii uliamua kuhusu uhai wangu, na hukuniuliza."

Maneno hayo yalimwingia Ndalahwa yote, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alikuwa amechukia maisha yake yote kuwa mtu aliyeamuliwa na mkono wa chumba cha mbali, na bila kujua alikuwa amejenga chumba chake mwenyewe, chini ya spana.

Alimwomba radhi. Kisha akamuuliza anataka nini.

"Nataka kuishi," Limi alisema. "Nimetafuta usiku kucha jibu zuri zaidi ya hilo, sikulipata."

Walikubaliana kungoja hadi kesho saa nne, Edina atakapofika. Limi ndiye aliyelipendekeza. Mgeni alistahili kupewa muda wake wote, alisema, mpaka dakika ya mwisho ambayo wao wangeweza kumpa.

*

Saa nne kasorobo ya siku ya ishirini na moja, mapigo yalikuwa kumi na tisa.

Nyoka alikuwa ametoa kichwa nje ya kasha, na kiasi cha dhiraa moja ya shingo. Sungura alilala juu ya maranda mbele yake. Ulimi ulitoka, ukarudi. Ndalahwa, aliyekuwa akichungulia kwa upenyo wa mlango, alijikuta akimwomba kwa sauti ya chini, akimwita ndugu yangu, akimwambia hapa hakuna anayekutaka, kula baba, kula. Nje gari likasimama getini. Mlango wake ulifungwa kwa uangalifu sana, lakini ulifungwa, na kichwa kikarudi ndani ya kasha.

Edina aliingia bila viatu. Alisoma mistari yote ya siku ishirini na moja, akavua miwani, akaifuta. Ndalahwa alimuuliza kama somo linaweza kukaa hadi Jumapili. Binti hakumdanganya. Alisema litakaa hadi saa sita mchana likizidi sana. Alisema pia kwamba kwa mistari hii nyoka angekula Alhamisi au Ijumaa, na kwamba kama kasha lisingetolewa angekula zamani. Hapo Kashinje, aliyekuwa kwenye korido, aliegemea ukuta akajifunika uso kwa khanga.

"Ni mimi," alisema ndani ya kitambaa. "Ni mimi niliyemtisha, na nilidhani namkirimu."

Limi alimwita, akamkalisha kitandani pembeni yake, akamshika goti.

Kisha Edina, kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hili katika nyumba nyingi, akawaeleza kwamba familia zikitaka, afisa hubonyeza yeye. Wengi hupenda hivyo. Wao hukaa sebuleni, wakiitwa wanakuta nyoka anakula.

Ndalahwa alimtazama mkewe. Limi alitoa rimoti chini ya mto, akaishika kwa muda, kisha akaitoa mkono wazi kwa mumewe, si kwa Edina.

"Nitabonyeza mwenyewe," Ndalahwa alisema. "Mimi aliyenibonyeza sikumjua hata jina."

Waliingia chumba cha njano, wote wanne, Limi akiwa kwenye kiti. Ndalahwa alipiga magoti mbele ya tangi. Alijua sawasawa anachokichukua na kutoka kwa nani, na pia alijua mkono wa Limi uliokuwa begani kwake umebakiza miezi mingapi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichopungua kwa sababu ya kingine. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, akabonyeza.

Mstari mwekundu ulishuka mara moja, kumi na tisa hadi tisa, ukalala hapo. Hakukuwa na sauti wala mshtuko. Baada ya dakika moja Mgeni alitoka kwenye kasha, mwili wote, dhiraa tano za magamba ya kahawia na njano, akapita mbele ya nyuso zao chini ya taa kali kana kwamba kioo kilikuwa ukuta na wao hawapo. Akamkamata sungura kichwani, akaanza kummeza. Kashinje alipiga kigelegele kimoja kwa mazoea, kisha akakikata katikati.

*

Dawa ya kwanza ilitolewa siku ya tatu yake, kijiko kimoja cha maji ya rangi ya chai ya rangi, na Limi akachomwa nayo kabla haijapoa. Kufikia Jumatano iliyofuata uvimbe wa miguu ulikuwa umeanza kuondoka. Jumamosi alitembea mwenyewe hadi jikoni, akasimama hapo akipumua, akaomba apewe vikombe aoshe. Kashinje alimnyang'anya, wakagombana kidogo, kisha wakaosha pamoja. Ndalahwa aliwasikia wakicheka na akalazimika kutoka nje akajifanye anatafuta kitu.

Edina alikuwa amewaachia karatasi mpya ya maelekezo. Chatu aliyewashiwa kitulizo, ilisema, haepuki kitu. Akiwekwa chini ya taa ya joto atalala hapo hadi aungue. Hatamkwepa paka, wala mguu wa mtu, wala mlango unaofungwa. Kasha si lazima tena. Familia nyingi hulitoa ili nyoka aonekane vizuri. Ndalahwa aliisoma mara moja akaiweka mfukoni.

Jumamosi hiyo hiyo alasiri alikuwa chumba cha njano. Alikuwa amemkuta Mgeni chini ya taa tena, magamba ya mgongoni yamepata joto kupita kiasi, na kwa mikono miwili alimbeba akamrudisha kwenye kasha, kama alivyomrudisha asubuhi, na jana, na juzi. Nyoka alikuwa mzito na mtulivu. Hakujikaza alipoinuliwa wala hakulegea alipowekwa. Baada ya nusu saa angetoka tena, si kwa kutaka, ila kwa sababu hakuna kilichomzuia. Ndalahwa alivuta kigoda akakaa.

Kashinje alichungulia mlangoni. Getini kulikuwa na watu, alisema, wale kinamama wa mwanzo pamoja na wanakwaya. Wamesikia wifi yake anatembea na wanaomba waje wamshukuru Mgeni. Aliwazuia, lakini amefikiri. Yule binti wa Kituo alisema mwenyewe kwamba sasa nyoka hadhuriki na macho ya watu.

"Wakaribishe ubarazani, wamsalimie Limi," Ndalahwa alisema. "Humu wasiingie."

"Lakini sasa haogopi, mdogo wangu."

"Najua, dada," alisema. "Naogopa mimi."

Kashinje alimtazama kidogo, akamtazama na nyoka. Akauvuta mlango taratibu usipige kelele, akaenda getini kuwapokea watu.